Aibu ya Mpiga Ngoma wa Boyrakhali

Saa moja asubuhi, mvua imekatika. Nirapada Das amechuchumaa nje ya nyumba yake ya bati, kijijini Boyrakhali, kusini mwa Bangladesh. Anakaza kamba za ngoma. Anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anakaza tena.

Pikipiki inasimama palipoanzia tope. Anashuka msichana ambaye hakuna aliyemtarajia, viatu mkononi.

"Wewe ndiye mpiga ngoma wa ofisi ya ardhi?"

Nirapada anaendelea kukaza kamba. Anayejibu ni mkewe, Shefali, kutoka jikoni. "Ndiye. Safari hii mnamhamisha nani?"

Kazi hii Nirapada, mwenye miaka hamsini na minane, aliirithi kwa baba yake. Huku kwao shamba halibadilishi mmiliki mpaka ngoma ilie. Ofisa anachomeka mwanzi wenye bendera nyekundu, mpiga ngoma anazunguka mipaka, na kila mwenye masikio anakuwa shahidi. Ujira wake hutosha mchele wa siku mbili tatu. Yeye mwenyewe hana hata tuta la mchicha. Nyumba yake imesimama kwenye kiwanja cha mtu.

Mgeni anaitwa Rezwana Parvin. Ametumwa na kamati inayopitia upya sera ya taifa ya ardhi. Kesho kutwa kamati itaketi uwanja wa shule, na anataka Nirapada awaite kwa ngoma wasio na ardhi, waje kusema wenyewe.

"Safari hii ngoma ni ya heri, mjomba," anamwambia.

Nirapada anaivaa ngoma begani na kutoka. Katika kitongoji cha kwanza, mara tu inapolia, kina mama wanaanza kutoa masufuria nje. Mwanamume mmoja amekwishapanda paani, anang'oa mabati yake kabla hayajavunjwa. Bibi mmoja anaketi juu ya jiko lake la udongo.

"Nipigie hapa hapa!" anapiga kelele. "Sitoki! Mnibebe na jiko langu!"

"Wanafanya nini?" Rezwana anauliza.

"Wananisikia," anajibu Nirapada.

Anaivua ngoma, anaifunika kwa kitambaa chake cha begani, na kuanza kwenda nyumba kwa nyumba akitangaza kwa mdomo. Wengine wanamsikiliza. Wengine wanamfungia mlango.

Kibanda cha mwisho kiko juu ya tuta la mto. Humo anaishi Komola, mdogo wake Shefali, mjane. Yeye na marehemu mumewe walilima kipande cha ardhi ya serikali kwa miaka mingi. Mwaka juzi kipande hicho alipewa tajiri mmoja, akakifanya bwawa la kufugia kamba wa majini. Aliyepiga ngoma siku hiyo ni Nirapada.

"Jioni ile nilinunua samaki kwa ujira huo," anamwambia Rezwana kabla hawajafika, macho chini. "Shefali hakumgusa. Nilimla peke yangu, na alikuwa mtamu. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kumtazama shemeji usoni."

Komola anamwona, wala hamkaribishi mkekani.

"Shemeji! Leo umekuja bila ngoma? Mkono unauma?"

"Njoo useme mbele ya kamati, shemeji. Usiposema wewe, atasema mwenye bwawa peke yake, na sera itaandikwa kwa mdomo wake."

"Niseme nini? Kwamba nilifukuzwa vizuri, kwa mdundo?"

Komola anachochea moto wake mdogo.

"Nitakuja," anasema hatimaye. "Ila uanze wewe. Usimame mbele ya mabwana wale wale waliokutuma, uwaambie ulichonifanyia."

"Wataninyima kazi."

"Mimi walininyima shamba."

"Basi nitasema."

Njiani kurudi, Nirapada anataja jambo moja analolitamani. Anayepewa ardhi naye hupigiwa ngoma, bendera ni ile ile. "Siku Komola atakapopewa kipande chake, ningependa nipige mimi. Bure. Mpaka ngozi ipasuke."

Siku ya kikao, mabwana wako vitini, na watu wa kitongoji cha Nirapada wako chini, nyuma kabisa, kama walivyozoea. Mwenye bwawa anazungumza kwa muda mrefu juu ya maendeleo. Ofisa anayempa Nirapada kazi anamtabasamia kwa mbali.

"Nani mwingine?" anauliza Rezwana.

Komola hainuki. Anamtazama shemeji yake.

Nirapada anasimama. Mikono yake inatafuta ngoma kifuani na kukuta shati.

"Mimi ni Nirapada, mpiga ngoma," anasema. "Nilipiga ngoma shemeji yangu alipotolewa shambani. Nilijua hana pa kwenda. Alipoanza kulia, nikazidisha kupiga, nisimsikie."

Ofisa hatabasamu tena. Anamwinamia mwenzake na kumuuliza, kwa sauti ya kusikika, kama kijiji cha jirani kina mpiga ngoma.

Nirapada amesikia. Bado amesimama, hajui aende wapi.

Komola anavuta ncha ya shati la shemeji yake na kumsogezea mkeka.

"Kaa, shemeji," anasema, naye anainuka. "Sasa ni zamu yangu."