Ukungu Huondoka, Mathe

Kosa langu la kwanza katika kazi ile lilikuwa neno moja, na nililichagua mwenyewe, kwa majivuno. Nilisema "ukungu" mahali ambapo neno lingine lolote lingefaa zaidi.

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa na cheti zaidi ya kile cha kidato cha nne. Nilifanya kazi mtaa wa Kiamunyi, pembeni mwa mji, katika nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyake viwili vya nyuma vilikuwa maabara na gereji yake ilikuwa ya sungura. Mwenye mradi alikuwa daktari, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali. Alikuwa akitafuta dawa ya kuvu moja ambayo mtu huivuta kwa pumzi bila kujua, na ikimkuta amedhoofika hupanda kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo. Dawa zilizokuwapo zilifanya kazi polepole, na ile kali iliumiza figo. Wazo lake lilikuwa kutumia kingamwili. Unamdunga sungura kuvu iliyokwisha kuuawa. Mwili wake unajifunza kuitambua na kuing'ang'ania. Unatoa damu kwenye mshipa wa sikio, unabakiza yale majimaji ya njano yenye kingamwili, yaani seramu, kisha unajaribu kama yatamsaidia panya mgonjwa. Panya kwanza. Binadamu labda baada ya miaka mingi, alisema daktari, na labda isifike kamwe.

Niliajiriwa kulisha sungura na kuosha vyombo vya kioo. Mengine nilijifundisha kwenye vitabu kuukuu vya kando ya barabara, vingine vikiwa havina kurasa za mwisho, hivyo nilijua magonjwa mengi yanavyoanza bila kujua yanavyokwisha. Niliogopa kukosea. Niliosha chombo kimoja mara nne. Herufi moja ikiinama kwenye lebo, niliandika lebo upya. Nilifunga friji, nikafika langoni, nikarudi kuhakikisha nimeifunga. Daktari aliwaambia wageni kwamba mimi, mwanamume mzima, si wa kuajiriwa, ni wa kuolewa.

Majani ya sungura niliyapata sokoni mjini, kwa mama mmoja wa Lanet aliyeuza kabeji na sukumawiki. Aliniwekea yale ya nje, ambayo wateja hawayataki, kwenye gunia. Aliniita daktari wa sungura, na wenzake wakalidaka jina hilo. Goti likimuuma mmoja wao, aliniuliza kama nitamtibu hivyo hivyo au mpaka aote masikio kwanza. Nilicheka nao, kisha nikaenda nyumbani nikikosa usingizi kwa sababu ya kicheko hicho. Nilitaka siku moja wanisikie nikisema jambo la kitaalamu wanyamaze.

Mama huyo alikuwa na mwana mmoja tu, wa rika langu, aliyefagia ghala la mahindi lililojaa njiwa. Kuvu ile hupenda mavi ya njiwa. Lakini njiwa peke yao hawakutosha. Damu yake ilikuwa na ugonjwa mwingine, ule unaomaliza kinga ya mwili, ambao mama yake aliuita "ile shida" akiangalia pembeni. Kichwa kilianza kumuuma mwezi wa nane. Hospitalini walimtoa maji ya uti wa mgongo, na kwa mpango waliokuwa nao na daktari, sehemu ya maji hayo ililetwa kwetu, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani kungoja majibu.

Niliyachanganya na wino mweusi nikaangalia kwa hadubini. Kuvu ilikuwapo, nyingi, kila moja na duara jeupe likiizunguka. Kisha nikachukua tone lingine na kuliwekea seramu ya sungura wetu wa tatu. Tone liliganda chembechembe mbele ya macho yangu. Mpaka siku hiyo seramu yetu ilikuwa imeikamata kuvu tuliyoiotesha wenyewe tu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuikamata iliyotoka kwa mgonjwa.

Nilipiga makofi. Nalisema hili kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Nilijua chupa ile ilikuwa ya nani, nilikula mandazi na mama yake juzi yake, na nilipiga makofi.

Daktari aliandika barua kwa Kiingereza, akaifunga, akaniambia nimpelekee yule mama mara moja. Kijana alazwe siku hiyo hiyo. Nilipofika sokoni wenzake walikuwa wamekaa naye. Nikaona saa yangu imefika. Katika kamusi nilikuwa nimesoma "kuvu", lakini nilijua hakuna atakayenielewa, basi nikatafuta neno lingine ndani ya kamusi ile ile, badala ya kulitafuta sokoni. Nikasimama wima. Nikamwambia kwamba tumepata tatizo: mwanawe ana ukungu kwenye ubongo.

Walinyamaza kweli. Nilifurahi sana waliponyamaza.

Kwenye kamusi ukungu ni kuvu pia, kama ile ya mkate uliokaa; kwa mtu wa Lanet anayeamka alfajiri kuja sokoni, ukungu ni ule mweupe unaolala barabarani asubuhi za baridi. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Ukungu si huondoka jua likitoka?"

Jirani yake, muuza mandazi, alicheka. Nilidhani mama ananitania kama kawaida, nami sikutaka kuonekana nisiyejua utani. Nikacheka, nikasema, "Huondoka, mathe." Kisha nikampa barua na kumwambia aipeleke hospitali pamoja na kijana. Neno "leo" silikumbuki kinywani mwangu. Nimelitafuta miaka yote hii na silipati.

Kuna jambo moja ambalo kitabu changu kilieleza kwenye ukurasa niliokuwa nao. Kuvu ile hujaza shinikizo kichwani, na ukitoa maji mgongoni, shinikizo hupungua na maumivu hutulia kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kijana alikuwa nyumbani akiwa na nafuu. Alikula, akataka redio. Mama akaona jua limetoka.

Siku kumi na moja baadaye walikuja Kiamunyi. Mama alikuwa amemshika mwanawe mkono, nami nilidhani ni udhaifu tu, mpaka nilipoona anaupapasa mlango. Macho yalikuwa yamezima.

"Mathe, tumefika kwa wa sungura?" mwanawe akauliza. "Sioni, lakini hiyo harufu haidanganyi."

Daktari alitoka na kuuliza kwa nini hawakwenda hospitali. Mama akatoa barua mfukoni mwa aproni. Ilikuwa bado imefungwa, na ilinuka vitunguu. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja alikonunua kitu: "Kijana wako wa sungura alisema ukungu huondoka."

Daktari alinigeukia. Angeweza kunisema kwa Kiingereza, kama alivyofanya siku zote. Hakufanya hivyo.

"Haya, mwambie tena," akasema. "Mwambie kwa hicho Kiswahili chako kizuri."

Nikamwambia. Nilirudia sentensi mara tatu, kila mara nikiirekebisha sarufi. Nilisema ni mdudu mdogo anayeota, si hali ya hewa. Anaota kama hamira kwenye unga, kichwa kinajaa. Muuza mandazi angeelewa neno hilo tangu siku ya kwanza. Karai lake la unga lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama siku ile sokoni.

Mama akauliza kama ile damu ya sungura anaowatolea majani haiwezi kumsaidia. Daktari akasema imejaribiwa kwa panya tu, na ya sungura ikiingia kwa mtu yaweza kumuua siku hiyo hiyo.

"Na hii nyingine inamfanya nini?" mama akauliza.

 Daktari alitoa gari lake akawapeleka hospitali yeye mwenyewe, na mimi nilibaki na friji. Ufunguo wake ulikuwa kwangu. Seramu ilikuwa pale, lebo zake zote zimenyooka. Sikuichukua, na sijui kama hiyo ilikuwa busara au ni kwamba niliogopa kukosea mara ya pili. Kijana aliishi siku tisa.

Baada ya mazishi nilikaa wiki mbili nikinunua majani kwa mtu mwingine, tena mabaya. Halafu nikarudi kwa mama yule. Alijaza gunia kama zamani, akalikanyaga lishuke, akajaza tena.

"Hao sungura hawaugui?"

Nikamwambia hawaugui, maana tukiwadunga wanapata kinga.

"Kumbe sungura wanapata," akasema, na akanipa gunia. Wenzake hawakunitania. Hakuna aliyeniita daktari wa sungura tena, jina nililokuwa nikilichukia.

Januari, mji ulipochafuka baada ya uchaguzi, soko lilifungwa na mama huyo akahama Lanet pamoja na wengi. Sikujua alikokwenda. Umeme ulikatika kwetu siku nyingi, seramu ikaoza kwenye friji niliyokuwa nikirudi kuihakikisha. Daktari alisema mradi umekwisha. Jirani aliomba wale sungura kwa mboga, lakini kwa sababu ya tulichowadunga hatukuweza kumpa. Tuliwaua mmoja mmoja na kuwazika nyuma ya gereji. Mimi ndiye niliyewashika. Wa tatu, aliyeikamata kuvu ya yule kijana, alikuwa mnene kuliko wote. Alikuwa amelishwa vizuri.

Bado nafanya kazi ya maabara. Sasa nasema hamira, nasema leo, na simwachi mtu aondoke kabla hajanieleza kwa maneno yake mwenyewe nilichomwambia.