Barafu ya Stroberi Chini ya Kofia

Nikiwaambia kwamba mpaka leo nikitumwa Buruburu huwa napita njia za nyuma, mimi mtu mwenye ndevu zangu (chache, lakini zipo), mtacheka, basi chekeni mapema tumalize, kwa sababu aibu hii nimeibeba muda mrefu na nimechoka nayo. Mimi si msemaji. Hata kuandika naandika polepole, shule niliishia la nane, na nikiinamia karatasi sana kichwa kinaanza kunitafuta. Lakini nimeona heri niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia kwa watu wa Shauri Moyo, maana huko kwetu imeshaongezwa chumvi mpaka eti nilizimia nikabebwa mzobemzobe.

Sikuzimia. Afadhali ningezimia.

Kwanza niwaeleze kuhusu hiki kichwa. Nina kipandauso tangu nikiwa darasa la tano. Kinaanza nyuma ya jicho la kushoto, naona vitu vinametameta pembeni kama bati linalopigwa na jua, halafu upande mzima wa uso unashikwa, mwanga siutaki, kelele sizitaki, na jirani akikaanga vitunguu mimi huku natapika. Kikija kinakaa siku nzima, mara nyingine na kesho yake. Kazi yangu ni kuosha viatu vya mitumba soko la Gikomba na kuvipaka rangi, na siku za kichwa ile harufu ya gundi na rangi huniingia mpaka kwenye meno. Nimejaribu kila nililoambiwa. Nimefungwa leso mpaka macho yakavutika, nimepaka dawa ile inayowasha (halafu nikajifuta jicho kwa vidole vilevile, hilo tuliache), nimekunywa chai ya rangi ya tangawizi, nimeweka limau chini ya ulimi, na vidonge vya dukani nilikuwa navitafuna kila siku kama njugu. Kitu kilichonipa nafuu kidogo ni baridi tu. Baridi na giza.

Sasa ubaya wa ugonjwa wangu ni jina lake. Kipandauso. Watu wakisikia mambo ya kupanda, mawazo yao yanakimbilia kwa mapepo. Siku moja kilinishika njiani nikitoka kazini, nikalala kando ya barabara natapika, na mwanamke mmoja akatangaza kwa sauti, "Jamani, kijana wa Mama Mwanaisha amepandisha!" Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kwetu kuna jini. Mama alilia. Tangu hapo hilo neno halikutajwa tena nyumbani, ikawa ni "yale mambo yako."

Mwanaisha ni dada yangu mkubwa. Kuna watu walikuja kumposa mwaka uliotangulia, wakala, wakashukuru, wakaondoka, na hatukuwasikia tena. Mama aliamini ni kwa sababu yangu. Hakuniambia, lakini nyumba yetu ni ya vyumba viwili na ukuta unasikiza kila kitu. Kwa hiyo waliposema watu wa Buruburu wanakuja kumwomba Mwanaisha kwa ajili ya mtoto wao Idris, na Mwanaisha mwenyewe alikuwa anamtaka Idris (alikuwa anacheka peke yake akiosha vyombo), nilijua posa hii ikivunjika, mvunjaji ni mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaamka na bati linametameta.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniambia, "Leo wewe ndiye wa kunawisha wageni mikono. Yale mambo yako yako sawa?"

Nikajibu, "Yako sawa, Mama."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema hayako sawa, mtoto wa jirani angenawisha, mimi ningelala, na nyinyi msingekuwa na kitu cha kucheka leo.

Nikameza vidonge vyangu, havikufanya kitu. Kufikia adhuhuri jicho la kushoto lilikuwa linadunda, nikatoka nikishika kuta mpaka kwa Mama Shufaa, anayeuza barafu dirishani kwake, zile za kugandishwa kwenye vifuko virefu vyembamba.

"Za maji hakuna," akasema. "Baridi hii yote nani atanunua maji? Ziko za stroberi, za watoto. Watoto hawajui baridi."

"Lakini ni baridi sawasawa?"

"We kijana, ni barafu. Unataka iwe nini, uji?"

Nikanunua tatu. Nilipofika nyumbani nikazipanga juu ya utosi, nikavaa kofia ya Baba, ile nyeupe ya kudarizi, ambayo ni kubwa kwangu kidogo kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Nikajitazama kwenye kioo. Kofia ilikuwa imeinuka kama mandazi, lakini nani anaangalia kichwa cha mtu anayenawisha? Na ile nafuu, jamani. Baridi ilishuka taratibu mpaka nyuma ya jicho, nikasimama hapo macho nimefunga, nikasema kumbe dawa ni rahisi hivi. Nilijiona nina akili. (Mkiniona siku nyingine najiona nina akili, nishikeni.)

Wageni wakaja. Wanaume waliketi kwenye mkeka na Baba, na mkubwa wao alikuwa Mzee Bakari, ami yake Idris, mtu mnene mpole mwenye kanzu nyeupe pe na koti zito juu yake. Wanawake waliingia chumba cha ndani na Mama, wakiongozwa na Bi Zubeda, shangazi yake Idris, na katikati palikuwa na pazia tu. Maongezi yalikwenda vizuri. Baba alicheka mara mbili, jambo ambalo si la kawaida. Kisha pilau ikaanza kunukia kutoka jikoni, wenzangu wote wakavuta pumzi kwa furaha, mimi nikaizuia yangu, na Mama akaniita nichukue birika na beseni.

Nikaanza na Mzee Bakari, kama ilivyo adabu. Nikainama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Mama Shufaa hafungi vifuko vyake vizuri.

Tone la kwanza lilipita pembeni ya pua yangu likaanguka ndani ya beseni. Pli. Maji yakawa na wekundu. Mzee Bakari akaacha kunawa, akatazama vidole vyake kimoja kimoja, akavigeuza, akasema kwa upole, "Ajabu. Nimejikata wapi?"

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza hata kuweka birika chini nikajifuta. Lakini mimi nikiona aibu mwili wangu unafanya jambo moja tu, unaendelea na kile ulichokuwa unafanya, basi nikaendelea kumimina. Nilimimina huku michirizi inashuka, mmoja kwenye paji la uso, mwingine nyuma ya sikio unaingia shingoni, na mikono yote miwili imeshika vyombo. Nikasogea kwa mgeni wa pili. Huyo aliinua macho akaniona, akasahau mikono yake hewani.

"Damu!" akapiga kelele. "Kijana anavuja damu!"

Nikageuka haraka kumtazama Baba, na kwa kugeuka huko barafu zikateleza, na mchirizi mkubwa ukamwagika mapajani mwa Mzee Bakari, kwenye kanzu nyeupe pe.

Wote wakasimama. Baba akanishika bega, "Nani amekupiga? Sema! Nani?" Mimi bado nimeshika birika. Mgeni wa pili, ambaye kumbe anafundisha madrasa, akarudi nyuma mpaka ukutani akaanza kusoma dua kwa sauti, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo kichwa kilivyozidi kupasuka, na ile pilau nayo ikaletwa wakati huohuo na jirani asiyejua kitu, sinia zima linafuka moshi chini ya pua yangu.

Nikatapika. Kwenye beseni la kunawia. Mbele ya wakwe.

"Kimempanda!" akasema yule wa madrasa. "Mshikeni, kimempanda!"

Pazia likafunguka, Bi Zubeda akatoka, mama wa kimo kifupi asiyeogopa kitu, akanivua kofia kwa mkupuo mmoja. Vile vifuko vikaanguka mkekani kimoja baada ya kingine. Akaokota kimoja, akakinusa.

"Stroberi," akasema.



"Kijana," Mzee Bakari akauliza, koti lake amelishika mbali na kanzu, "kwa nini umeweka barafu kichwani?"

Mama alikuwa amefika. Uso wake sikuweza kuutazama. "Ni joto, Mzee," akasema. "Kijana huyu hawezi hili joto."

Ilikuwa mwezi wa saba. Nje kulikuwa na manyunyu, na kila mtu chumbani alikuwa na sweta. Mzee Bakari akatazama koti lake, akamtazama Mama, akaitikia kwa kichwa, kistaarabu. Nikaona vidole vya Mama vinakunja ncha ya mtandio, vinaikunja na kuikunjua, na nikajua anawaona watu hawa wakiteremka barabara wasirudi.

Ndipo Mwanaisha alipotokeza kutoka nyuma ya pazia. Anayeposwa hatokezi. Lakini yeye alitokeza, nguo ya wageni, hina mkononi, macho yamejaa machozi ya hasira.

"Ana kipandauso," akasema. "Hana jini. Kichwa kinamuuma tangu mdogo, na leo amekificha kwa ajili yangu. Kama mnatafuta nyumba ambayo hakuna anayeumwa na kichwa, basi poleni kwa kusumbuka kuja."

"Mwanaisha!" Baba akafoka.

Mzee Bakari akaketi tena, taratibu, na lile doa lake jekundu. Akajikuna kidevu. "Mzee mwenzangu," akamwambia Baba, "sisi tumekuja kuposa binti. Hatukuja kuposa kichwa. Leteni maji mengine tule."

"Na huyu binti mwenye mdomo huu," Bi Zubeda akaongeza, "Idris atanyooka."

Wakacheka, hata yule wa madrasa, ingawa yeye alikaa mbali na mkeka uliolowa. Mimi sikucheka. Niliingia chumba cha ndani nikajilaza kifudifudi na nywele zangu zenye sukari, na kesho yake sisimizi walinipata, lakini hayo ni mengine.

Bi Zubeda hakuondoka kabla ya kumwambia Mama anipeleke hospitali, hata ile ndogo ya mtaani, na asione haya. Mama akanipeleka. Daktari akaniuliza nameza nini, nikamwambia, akauliza mara ngapi, nikamwambia kila siku, akavua miwani. "Vidonge hivyo ukivimeza kila siku navyo vinaleta kichwa," akasema. Nilitaka kulia. Miaka yote hiyo nalisha moto kuni nikidhani ni maji. Akanipa dawa nyingine, ya kumeza pale tu vitu vinapoanza kumetameta, akaniambia nisiruke chakula, ninywe maji, nilale mapema. Kuacha vile vya zamani kulinitesa wiki kadhaa. Sasa kinakuja mara chache zaidi. Sijapona, nisiwadanganye.

Barafu kichwani sitaweka tena, iwe ya stroberi iwe ya maji, na sitasema "yako sawa" wakati jicho linadunda. Naandika hivi kama kiapo, lakini nilishakijaribu kweli, kwa sababu siku ya harusi ya Mwanaisha (msiniulize kwa nini siku zote ni siku hizo) niliamka na bati linawaka. Nikakaa kitandani kwa muda. Nikamwambia Mama, "Leo siwezi."

Alikuwa amevaa tayari. Akanitazama, akaniletea maji na dawa, akafunga dirisha kwa blanketi, akaweka kitambaa chenye maji usoni mwangu. Harusi nzima niliisikilizia gizani, vigelegele vikinipiga kama mawe. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili wa ukuta, ikiuliza yule kaka wa bibi harusi yuko wapi, mbona haonekani.

"Yuko ndani," Mama akasema, kwa sauti kamili, "ana kipandauso. Hebu pigeni vigelegele vyenu huko nje."

Wakatoka nje.