Dada Asiyemfungia Mtu Dirisha

Tangu biashara za watu binafsi ziruhusiwe, hapa Ngamiani, Tanga, tumepata hata duka la kuchapa kwa kompyuta. Juzi nilimkuta humo mama mmoja aliyekuja kukagua kadi za harusi ya bintiye. Dada mpiga chapa akaitafuta kadi kwenye kioo. Likatokea tangazo la khitma, nyuma yake barua ya kuomba kazi, nyuma yake bei za mitumba. Madirisha yalikuwa yamelaliana kama sahani kabatini.

“Mwanangu, funga hayo mengine tuione yangu,” mama akasema.

Dada akatupia jicho benchi, walikokaa wenye kazi zao wakingoja. Akashusha sauti. “Nitafungaje, mama, na wenyewe wamekaa? Si itakuwa nimewafungia mlango usoni?”

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kungoja.

Mwisho kadi ikaonekana, chini kabisa ya yote. Mama akainama asome jina la bintiye, na hapo hapo umeme ukakatika. Madirisha yote yakafungika pamoja, na hakuna kazi iliyokuwa imehifadhiwa.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mwenyewe. Nami ungwana wetu naupenda, ila umeme haukulelewa Tanga.