Dubu Mwenye Koti la Manjano

Aila Kivela wa Thunder Bay, Kanada, alikuwa na miaka sitini na minne, magoti mawili mabovu, na cheo kisicho na mshahara wala kiti: mlinzi mkuu wa programu ya Tamarak. Tamarak ni kisiwa kisichokuwepo. Watu mia mbili hivi, wengi wao wakiwa wamefungiwa ndani na theluji, maradhi au ndoa, huingia humo kwa kompyuta. Kila mmoja huvaa kikaragosi akipendacho, umbo la kuchorwa la kumwakilisha humo, wakacheza dansi, wakajenga nyumba, wakagombana. Programu yenyewe ni huria: yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuuleta. Ila hauingizwi mpaka mlinzi aupitie na kuandika sababu ya kuukubali au kuukataa, hadharani, mbele ya kila mwenye macho.

Ndiyo demokrasia yao. Mwaka jana walibishana wiki sita juu ya rangi ya kitufe cha kukalia kiti. Msimbo mpya wa bahari nzima ulipita siku moja, kwa kuwa ulikuwa mrefu na hakuna aliyeusoma.

Kisiwa walikianzisha Aila na mumewe Reino, seva, kompyuta inayokiendesha, ikiwa kabatini karibu na mashine ya kufulia. Reino alikuwa mchomeleaji wa meli, na kisiwani alivaa dubu mwenye koti la mvua la manjano. Ndiye aliyeleta adabu ya pale: programu ikitangaza kwamba fulani ametoka, waliobaki huandika, "Funga mlango, baridi inaingia!" Hata mwezi wa saba, ambao kwao ni wa joto.

Miaka mitano iliyopita, Februari, moyo wa Reino ulisimama akiwa ameketi mbele ya kompyuta. Wahudumu wa gari la wagonjwa, katika kumtoa, waliukanyaga waya ukachomoka. Kompyuta ikazimika bila kuaga, na seva, ambayo hakuna aliyeipa habari, ikaendelea kuamini kwamba Reino yumo. Hitilafu hiyo wanakisiwa waliijua, waliiita mzuka. Dawa yake ilikuwa kuzima seva na kuiwasha upya.

Aila hakuizima. Mazishi yalihudhuriwa na watu sita na mchungaji mwenye mafua, wengine wote wakiwa wamezuiwa na dhoruba. Siku ya tatu aliingia Tamarak akamkuta dubu kwenye benchi la ukumbi wa dansi, anapumua. Vikaragosi vyote hupumua. Akaandika, "Reino." Kichwa cha dubu kikamgeukia, kwa kuwa kila kikaragosi humgeukia anayezungumza karibu yake. Msimbo huo aliuandika Aila mwenyewe, hata mstari wake aliujua. Hata hivyo alilia.

Tangu hapo, kila aliyeomba seva izimwe aliambiwa ni kongwe, ikizimwa haitawaka tena. Watu walimwona dubu wakadhani ni sanamu ya kumbukumbu, wakampita kwa heshima. Kila asubuhi Aila alimpelekea habari: bomba limeganda, dada yangu kazidi upumbavu.

Tatizo, mzuka haukuwa huo mmoja. Kila umeme ulipokatika nyumbani kwa mtu, ganda lake lilibaki kisiwani, na kisiwa hubeba watu arobaini tu kwa wakati mmoja. Kufikia Machi, nafasi thelathini na moja zilikaliwa na wasiokuwapo.

Gaétan Robichaud, fundi wa lifti wa Moncton, akaleta dawa: msimbo mfupi wa kuwatoa mizuka mmojammoja kwa adabu, bila kuzima seva. Aila akaukataa: pana nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa saba. Akausafisha. Ukakataliwa: maelezo hayatoshi. Safari ya kumi na moja Gaétan akachoka.

"Dada Aila, serikali imenikagulia lifti ya ghorofa ishirini, haikunisumbua hivi."

"Lifti ni ndoo na kamba, bwana. Rudia majaribio."

Kisha Jumapili moja, adhuhuri, simu ikalia. Alikuwa Verna Oleskiw wa Dauphin, ambaye miguu yake haijamsikiliza kwa miaka tisa, na ambaye hakosi dansi ya polka ya Jumapili Tamarak.

"Shoga, leo natimiza sabini. Nimevaa."

"Umevaa nini?"

"Gauni jekundu, la kweli, hapahapa kitandani. Muuguzi kahangaika nalo saa nzima. Halafu kisiwa chenu kinaniambia kimejaa! Kimejaa akina nani?"

"Ni seva, Verna. Kongwe."

"Mimi je? Mbona nawaka!" Akacheka, halafu akaacha. "Aila, mimi sina pengine pa kucheza."

Aliporudi kwenye kompyuta alikuta ujumbe wa faragha wa Gaétan.

"Nimeitazama orodha ya mizuka, dada. Wa zamani kuliko wote aliingia Februari, miaka mitano iliyopita. Nisamehe, nilidhani unanionea tu. Nimeongeza mstari mmoja: watolewe wote isipokuwa huyo. Hakuna atakayeuliza."

Aila aliusoma. Ulikuwa mstari safi, haukuwa na kosa hata la kusingizia. Lilibaki sanduku la sababu. Akaandika: *Kwa sababu yumo.*

Akaitazama sentensi. Miaka yote ya kukagua kazi za wenzake ilikuwa imemfundisha kulitambua jambo lisilofanya linachosema. Akaifuta.

"Ondoa huo mstari," akamwandikia Gaétan. "Na mstari wa nne una nafasi tupu."

"Kweli?"

"Kweli."

Ulipokuja tena akaukubali. Sababu: *Unafanya kazi.* Akaingia kisiwani kwa mlango wa mlinzi, ambao haujai, akakaa benchini.

"Reino, Verna amevaa gauni jekundu." Dubu akamgeukia.

Msimbo ukaanza, kutoka mizuka wa karibuni kwenda wa zamani. Matangazo yakamiminika, fulani ametoka, fulani ametoka, na ukumbi ukafurahi: "Funga mlango! Mlango, jamani, tunaganda!" Verna akaingia katikati ya makelele hayo akizunguka kwa polka.

Kisha: *Reino ametoka.*

Benchi likawa na mtu mmoja. Kila mtu akalisoma tena jina. Wa kwanza kuandika alikuwa Verna.

"Funga mlango, Reino. Baridi inaingia."

Wengine wakafuata, taratibu, mmoja baada ya mwingine, wote isipokuwa Aila. Juu ya kichwa cha kikaragosi cha Aila zikatokea nukta tatu za mtu anayeandika. Zikakaa. Polka ikaisha na hakuna aliyeweka nyingine. Nukta zikazimika, zikawaka tena, zikazimika.

Wakamsubiri.