Siku Mbili za Kobe

Mwisho wa ukumbi wetu, ukipita choo na stoo ya nyaya, kuna chumba kisicho na dirisha, na ndani yake hukaa mwanamume ambaye ofisi nzima inamwita Kobe. Jina hilo nilimpa mimi, sikatai. Mimi ni mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha mafundi, yeye ndiye mhariri wake, na kwa miaka kumi na minne ameniweka roho juu kila wiki. Jumatatu tunakwenda kurekodi kwa fundi. Jumanne na Jumatano Kobe anakata. Alhamisi saa sita mchana kipindi kinatakiwa kwa mkurugenzi, na Kobe hukifikisha saa sita kasoro dakika mbili, akitembea kama mtu aliyetumwa chumvi.

Kabla ya kukata, huangalia kila kitu tulichorekodi, mwanzo hadi mwisho, na kuandika kwa penseli kwenye daftari la shule. Dakika, sekunde, alama ya msalaba. Kurasa kwa kurasa za misalaba. Nilimwambia mara nyingi kwamba anatunza makaburi. Alicheka, akaendelea kuchonga penseli.

Mwaka huu wakubwa wakanunua programu mpya ya kuhariri, na ile ya zamani ikapewa mwezi mmoja wa kuishi. Mwezi ulipokwisha, Kobe, aliyezoea kukata bila kutazama vidole, sasa akibonyeza kitufe cha kukata, picha inavimba. Akibonyeza cha kurudisha, picha inapotea. Akachukua plasta ya vidonda, akabandika vipande juu ya kibodi, akaandika KATA, RUDI, USIGUSE. Vya USIGUSE vilikuwa vingi kuliko vyote. Mkewe akanipigia simu. "Dada, huku nimeletewa mke mwenza," alisema. "Mume wangu anaitaja hiyo programu hadi usingizini, na mimi hajaniita kwa jina tangu Ijumaa."

Wiki ya kwanza hakumaliza, wakarudia kipindi cha zamani. Wiki ya pili vivyo hivyo. Mkurugenzi wa vipindi, mtu mwenye haraka hata akiwa amekaa, akaja mlangoni.

"Mzee, Alhamisi hii ukikosa tena, unahamia maktaba ya kanda. Kiti hiki nitampa mwingine."

Maktaba hiyo ya kanda za zamani iko chini kabisa ya jengo, ina feni moja, na mtu wa mwisho kushuka huko alikuwa anatafuta mwavuli wake. Kobe aliitikia, "Sawa, bosi." Baadaye nikamkuta anafuta vumbi kwenye skrini ambayo haikuwa na vumbi. Niliumia. Mzaha wote ukanikauka mdomoni, na hilo halinitokei mara kwa mara.

Wiki hiyo tulikuwa tumerekodi kwa fundi saa. Jumatano mchana, maji yakiwa shingoni, Kobe alibonyeza kitufe alichokuwa ameapa hatakibonyeza, kile ambacho programu yenyewe inatafuta mahali pote penye ukimya na kupaondoa. Ilichukua sekunde nne. Saa moja na nusu ya picha ikawa dakika kumi na moja. Akaniita, akanivutia kiti, akanionyesha.

Fundi saa hufanya kazi kimya. Mashine ilikuwa imeiondoa kazi yote. Saa inafunguliwa, na kabla hujapepesa jicho, imefungwa na inatembea. Kilichobaki ni mtu mmoja tu anayeongea, na mtu huyo alikuwa mimi. "Na hiki kidude? Aa, kizuri! Na hiki? Mimi nyumbani nina ya ukutani, lakini inachelewa, sijui ni betri..." Fundi anafungua mdomo, nami nishaingia. Katikati ikasikika sauti yake, ya upole kabisa: "Mama, ukiendelea kusema hivyo, nitaipoteza hii skrubu." Nami, bila aibu, nikamwuliza skrubu hiyo inatoka wapi.

"Ndivyo nilivyo?" nikauliza.

"Siku hiyo ulikuwa na nafuu," Kobe akasema.

Sasa nieleze jambo. Watu hunisimamisha sokoni kuniambia, "Dada, wewe unajua kumsikiliza mtu." Nina cheti ukutani kinachosema hivyo hivyo, chenye fremu. Nikalivuta lile daftari, nikatazama misalaba, nikalinganisha na dakika za picha nzima, ile ambayo haijakatwa. Kila msalaba ulikuwa mdomo wangu. Nyani haoni kundule, na langu lilikuwa limefunikwa na mtu mwingine kwa miaka kumi na minne.

Mkurugenzi akaingia wakati huo huo, akasoma namba chini ya skrini.

"Kipindi ni cha dakika ishirini na sita. Hizi ni kumi na moja."

"Nitarudisha ukimya, bosi," Kobe akasema.

"Mashine inakata kwa sekunde nne. Wewe unakata kwa siku mbili. Niambie, mzee, siku mbili unafanya nini humu?"

Kobe hakunitazama. "Ni uzito tu, bosi. Uzee."

Ningeweza kunyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani, kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini mficha uchi hazai, na kiti kilichokuwa kinaondoka hakikuwa changu.

"Ananikata mimi," nikasema. "Keti, bosi. Usikie."

Nikamwonyesha dakika zote kumi na moja. Mkurugenzi alianza kwa kutabasamu, akamalizia mkono ukiwa usoni. Mwishoni alisema, "Kesho saa sita. Kipindi kikifika, kiti kinabaki chake." Akatoka polepole kuliko alivyoingia.

Tukakaa wawili. Ile programu ina kitu kimoja cha maana: huyaandika maneno yote yaliyosemwa, na ukifuta sentensi, picha yake nayo inakatika. Kobe akanisukumia kibodi. "Futa mwenyewe," akasema. "Mimi nitaangalia mikono ya fundi." Nikafuta. Kila sentensi iliuma kama kung'olewa unyoya, na kila nilipofuta, kipindi kilipendeza. Hadi saa kumi na moja jioni tulikuwa tumemaliza kazi ya siku mbili, na ndivyo tunavyofanya kila Jumatano hadi leo.

Alhamisi mkurugenzi alikuja kuangalia mwenyewe. Palikuwa na mahali ambapo nilimwuliza fundi saa, "Ukistaafu, nani atakaa kwenye meza hii?" Fundi alinyanyua uso, akatazama meza, akatazama mlango, kisha akarudi kwenye kazi yake bila kujibu. Sekunde kumi na tisa. Jumatano nilitaka kuzifupisha, Kobe akakataa.

Zilipoanza, mkurugenzi alidhani sauti imekatika, akanyoosha mkono kwenye kibodi. Kobe, ambaye hajawahi kumpinga bosi hata kwa kikohozi, aliushika ule mkono, akaushikilia pale pale hewani. Tukangoja wote watatu.

Zilipokwisha, mkurugenzi alisema, "Kirusheni kama kilivyo." Kobe akauachia mkono wake.