Pua ya Bihogo

Papa Hakorimana wa Karuba hakuwa mtu wa simu. Alikuwa mtu wa ng'ombe na jibini, na kama si mjukuu wake angekufa na kile kisimu chake cha vibonyezo, kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri isidondoke. Lakini mjukuu alizaliwa Hombo, mwisho kabisa wa Walikale, na kati ya Karuba na Hombo kulikuwa na vita. Kila mlima ulikuwa na wakubwa wake wenye bunduki, na kila mkubwa alikuwa na kizuizi chake, na mzee mwenye goti bovu hawezi kuwasalimia wote akafika akiwa hai.

Mtoto alikuwa amekwisha kuota meno mawili na bado hakuwa na jina kutoka kwa babu yake. Katika ukoo wa Hakorimana jina la mjukuu wa kwanza hutolewa na babu, na babu halitoi kwa kusikia habari. Lazima amtazame mtoto, naye mtoto amtazame babu, macho kwa macho, ndipo jina litoke. Picha haifai. Mwanawe Mbonigaba, aliyehamia Hombo kuuza chumvi na sabuni katika duka la baba mkwe wake, alimpa dereva wa lori picha ya mtoto aipeleke kwa mzee. Hakorimana aliigeuza huku na huku, akairudisha.

"Huyu hako naniangalia miye," alisema. "Iko naangalia muntu mwenye alishika mashini."

Basi huyo baba mkwe, Papa Kataliko, alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, na subira yake ilikuwa ya mtu mwenye malori yaliyokwama matopeni, yaani hakuwa nayo. Kwao Wanande jina halimngoji mtu: binti wa kwanza ni Masika, amezaliwa nalo, yamekwisha. Akapanga ubatizo Jumapili na kutuma neno Karuba. Kama mzee wa huko hajaleta jina lake kabla ya misa, padri ataandika Masika peke yake. Asiyekuwapo na lake halipo.

Neno hilo lilimkaa Hakorimana kooni kama mfupa. Mtoto wa damu yake aandikwe kanisani bila neno hata moja la upande wake, kana kwamba yeye amekwisha kuzikwa! Mbonigaba ndiye aliyempa dawa, kwa kile kisimu cha mpira.

"Papa, tafuta simu ya kugusa. Dimanche, mbele ya misa, utupigie kwa video. Pale ku kanisa njo kuko rezo ya simu. Utamuona mutoto, naye atakuona."

Hakorimana akateremka mjini Sake kuuza ndama. Ndama alikataa kutembea bila mama yake, kwa hiyo Bihogo naye akaenda, ng'ombe mwekundu wa kahawia, wa pekee aliyebaki baada ya wenye bunduki kupita mara mbili. Ndama akanunuliwa. Bihogo akabaki amefungwa mlangoni pa duka la Mama Kyakimwa, amenuna, akivuta harufu ya magunia ya chumvi yaliyokuwa ndani.

Kyakimwa aliuza simu, ndala, samaki wa chumvi na dawa ya kuhara, na vyote alivieleza kwa sauti ileile ya mwalimu. Aliiwasha simu mpya, akachagua Kiswahili, na kioo kikaandika "Karibu".

"Asante," alisema Hakorimana, akavua kofia.

"Papa, usiijibu. Angalia tu. Hapa njo aplikasiyo. Hii ya kijani ni ya kuongea na ya video. Hii ni tochi. Hii inahesabu. Hii inakuambia kama mvua itanyesha."

"Ku Karuba? Mvua inanyesha kila siku. Simu njo itaniambia nini?"

"Na hii ni karte. Inakuonyesha kila fasi ya dunia."

Mzee akaomba kuonyeshwa kwake. Kyakimwa akatafuta, akavuta kwa vidole viwili, akavuta tena. Pale Karuba ilipotakiwa kuwa palikuwa na rangi ya kijani tu, bila nyumba, bila njia, bila hata ng'ombe.

"Kumbe hatuko," alisema Hakorimana kwa uchungu.

"Papa, shukuru Mungu. Mu hii vita, mwenye haonekane njo anapona."

Ikabaki kufunga simu kwa alama ya kidole. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hakorimana aliweka kidole gumba, simu ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Kyakimwa akamwosha mikono kwa sabuni, akaifuta kwa mafuta ya taa, akavijaribu vyote kumi kimoja kimoja, na simu ikavikataa vyote. Jembe, kamba za ng'ombe na maji ya chumvi ya jibini vilikuwa vimevilamba vidole vile mpaka vikabaki laini kama kijiko.

"Papa, uko na mikono, lakini vidole hauna," Kyakimwa akatoa hukumu. Akaishika simu mbele yake kuitazama vizuri, na wakati huohuo Bihogo, aliyekuwa ameingiza kichwa chote mlangoni akiifuata chumvi, akaibandika pua yake yenye majimaji juu ya simu.

Simu ikatetemeka. Kioo kikaandika: "Vizuri. Inua kidole, kisha uguse tena."

Walitazamana. Kyakimwa, kwa ajili ya kuona tu mambo yataishia wapi, akaisogeza tena puani. Simu ikafurahi tena. Bihogo aligusa, akainua, akagusa, kwa utiifu ambao hajawahi kuuonyesha wakati wa kukamuliwa, mpaka kioo kikatangaza kwamba kidole kimehifadhiwa.

"Nifute hii, tuweke kode tu," alisema Kyakimwa akicheka machozi.

"Acha!" Hakorimana alikuwa amekwisha kuona mbali. "Ku bariyeri, muntu wa bunduki akitaka kufungua simu yangu, atashika kidole yangu kwa nguvu. Sivyo? Sasa ashike kidole. Ashike vyote."

Kyakimwa alimwekea kode pia, tarakimu za akiba, akamwambia mara mbili. Akamuuzia mega, ndiyo intaneti yenyewe ya kupimwa, za kutosha mazungumzo mafupi ya video. Akamwonya asifungue intaneti kabla ya Jumapili, maana mega huisha zenyewe kama sukari kwenye nyumba ya watoto. Mzee alizikumbuka mega vizuri sana. Kode aliisahau kabla hajapanda mlima wa kwanza.

Pale kizuizini vijana walimsimamisha, wakataka simu ifunguliwe. Hakorimana akawaeleza, kwa heshima zote, kwamba ufunguo ni huyo ng'ombe. Wakamwambia asiwachezee. Mmoja akajaribu kidole chake, mwingine akajaribu pua yake mwenyewe, wakasukumana, wakagombania zamu. Mwishowe wakampelekea Bihogo, simu ikafunguka pa! Wakapekua kwa bidii ya watu wanaotafuta siri ya taifa. Walikuta picha tatu za matundu ya pua na moja ya kidole gumba cha Kyakimwa. Wakamwachia apite, wakamsindikiza kwa kicheko.

Siku zilizofuata Karuba ilipata neno la kusema. Alfajiri Hakorimana alimkamua Bihogo, akambusisha simu, kisha akakaa kuangalia hali ya hewa, iliyoganda tangu dukani, ikimwambia kwamba mvua inanyesha, naye akiwa ameloa. Jirani yake Dancille, mjane mwenye ng'ombe watano na ulimi wa watu kumi, alisimama uani kila asubuhi.

"Papa Hako, siku ile ngombe yako itapata mafua, utafanya je?"

"Wewe kamua zako."

Alikuwa amekwisha kuandaa jina. Umugwaneza, yaani wema, jina la mama yake mzazi, jina la kutembea nalo kichwa juu. Alilisema kimoyomoyo akikoroga maziwa. Alilifua shati lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kabati.

Jumamosi bunduki zikalia. Kwanza mbali, kama kawaida, watu wakaendelea kulima. Halafu karibu, na watu wakaacha majembe palepale. Ng'ombe hawawezi kupita barabara ambayo kila mtu anaikimbilia, kwa hiyo Dancille akawakusanya wa kwake na wa wengine, Bihogo akiwemo, akawapitisha njia ya mgongo wa mlima. Hakorimana na goti lake alifuata barabara, kofia kichwani, shati jeupe kwapani, simu ndani ya soksi. Nyuma yake Karuba ilikuwa inatoa moshi. Alilia njia nzima na hakujificha, kwa sababu kila mtu alikuwa analia.

Jumapili asubuhi aliamka Sake, chini ya turubai la watu asiowajua, akaitoa simu kwenye soksi. Imefungwa, na Bihogo hajafika. Akaenda dukani kwa Kyakimwa kuomba ile kode. Mlango ulikuwa na kufuli mbili; Kyakimwa amekimbilia Goma. Na kule Hombo, wakati huohuo, walikuwa wanampaka mtoto mafuta kwa ajili ya kanisa.

Sasa mzee mzima akaanza kutembea katikati ya ng'ombe waliokimbizwa, waliojaa pale kwenye mawe meusi ya volkano, akiwabandika simu puani. Alianza na wekundu wa kahawia, akaendelea na wekundu wa aina yoyote. Simu ikamwandikia kwamba amejaribu mara nyingi mno, asubiri kidogo.

"Nisubiri nini? Padri hanisubiri!" aliifokea.

Mmoja wa wenye ng'ombe akamuuliza kama yeye ni daktari wa mifugo. Mwingine akasema ni mchawi. Wa tatu akachukua fimbo. Angepigwa, hakika, kama kelele za Dancille hazingesikika zikiteremka mlimani, mbele ya msafara wa ng'ombe wachovu.

"Bihogo!" aliita Hakorimana. "Bihogo wangu, mwekundu wa Karuba, mama wa maziwa!"

Bihogo akaja mbio akimtoka Dancille, tope mpaka machoni. Akaiweka pua yake kwenye simu kwa hiari yake. Simu ikakataa. Pua ilikuwa matope matupu, na maji yaliyokuwapo watu walikuwa wanayapangia foleni. Mzee hakufikiri mara mbili. Alitoa lile shati jeupe akampangusa ng'ombe, ndani ya matundu na nje, mpaka shati likawa kitambaa cha jikoni. Akabandika tena. Ikafunguka.

Watu walikuwa wamekwisha kumzunguka. Akafungua intaneti, akagusa ile ya kijani, na baada ya kuita sana uso wa Mbonigaba ukatokea, nyuma yake ukuta wa kanisa na watu wamevaa vitenge vipya.

"Papa! Wanaingia! Angalia mutoto!"

Mtoto akaletwa kwenye kioo. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

"Umuamshe!" alipiga kelele Hakorimana. "Lazima aniangalie!"

Wakamtikisa, wakampulizia usoni, mama yake akamfinya kidogo shavu. Wapi! Mtoto wa Hombo alilala usingizi wa mtu aliyeshiba. Uso mpana wa Papa Kataliko ukaingia kwenye picha.

"Papa wa Karuba, misa inaanza. Mutoto analala. Jina yetu iko tayari tangu..."

Hapo Bihogo, aliyekuwa ametembea usiku kucha hajakamuliwa, akalia. Alilia kwa kiwele kizima, mlio mrefu wa kutikisa turubai, na kule Hombo mtoto akafungua macho yote mawili. Akatazama moja kwa moja kwenye kioo. Hakorimana akavua kofia. Wakaangaliana, yeye na yule mtoto, na mtoto hakulia. Alimkagua babu yake taratibu, kama anayetaka kujua ni nani huyu mchafu.

Mzee akafungua mdomo atoe Umugwaneza. Halikutoka. Lilikuwa jina zuri la siku za nyumbani, na nyumba haikuwapo. Kataliko, aliyekuwa bado ameshika simu kule, akaona turubai nyuma ya mzee, na sufuria kwenye mawe, na watu waliobeba magodoro.

"Papa Hako," alisema kwa sauti nyingine kabisa, "uko wapi?"

"Niko Sake. Karuba tumetoka."

Kataliko akageuka, na Hakorimana akamsikia akipaza sauti kuelekea mlango wa kanisa: "Padri angoje! Babu ya mutoto iko nasema!"

"Tuzataha," alisema Hakorimana. Akarudia kwa sauti zaidi. "Aitwe Tuzataha. Tutarudi kwetu."

"Tuzataha Masika," alisema Kataliko, na yeye akavua kofia yake. "Nitamusimamia padri mimi mwenyewe mpaka aandike vyote mbili."

Mega zikaisha hapohapo, uso wa mtoto ukiwa umeganda kwenye kioo, macho wazi.

Hakorimana akakaa chini, akaanza kumkamua Bihogo ndani ya kofia yake kwa kukosa chombo. Lakini hakuachwa akae. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake asiyejua yuko wapi, na simu yenye chaji ilikuwa hiyo moja. Wakaanza kupanga foleni mbele ya ng'ombe, kila mmoja na vocha yake, na kwa kuwa simu ilijifunga kila mara, ilibidi kila mmoja apitie puani. Dancille alikuwa wa kwanza, bila aibu hata chembe.

"Mutoto ulimupa jina gani?" aliuliza.

"Tuzataha."

Dancille alilirudia, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuongeza neno. Aliyemfuata akauliza vilevile, na wa nyuma yake, mpaka mwenye fimbo. Hakuna aliyetaka kuelezwa. Kila mmoja alilitamka kwanza lile jina, ndipo akaomba pua.