Jumamosi Nilipofungua Pampu

Amri ya kwanza niliyopewa katika nyumba ile ilihusu mifuko. Memsahib alisimama mbele ya kapu la nguo chafu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani, "Wewe hapana tia mkono kwa mfuko. Mimi natazama mfuko. Wewe nafua tu." Nikaitikia ndiyo, memsahib. Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa mtu mzima, nimeacha mke nyumbani Maragoli, nimefanya kazi miaka minne katika kiwanda cha mkonge upande wa Ngoliba bila kuiba hata kamba, na sasa naambiwa mikono yangu isikaribie kaptura ya mtu.

Nyumba ilikuwa katikati ya kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Niliajiriwa kuwa dobi kwa sababu nilisema najua mashine, na pale palikuwa na mashine ya kufulia: pipa jeupe lenye miguu minne, na juu yake roli mbili za mpira za kukamulia nguo. Ilikula umeme wa jenereta ya shamba na haikumaliza mwezi bila kuugua. Mara mkanda umelegea, mota inanguruma na nguo zimetulia tu majini. Nilikuwa nalegeza nati za mota, naivuta nyuma kidogo, nakaza tena, inaendelea. Mkanda ukiisha kabisa hapo hakuna ujanja, ni kutafuta mwingine. Mara mpira wa kutolea maji umepasuka pale unapoungana na pampu. Ukipasuka ncha unaukata, unaufunga upya, ukipasuka katikati unaununua.

Kila nilipotaka spea, memsahib alidhani nimeivunja mashine makusudi ili nikatembee Thika. Alitaka kwanza kukishika kile kilichoharibika kwa mkono wake. Alikigeuzageuza, akakivuta, akaniangalia usoni, ndipo aandike barua ya duka. Chujio la chini ya pipa, ambalo kazi yake ni kuzuia vifungo na takataka zisiingie kwenye pampu, lilikuwa limetoboka tundu la kupitisha kidole gumba. Nilimwonyesha mara mbili. Akasema bado linafanya kazi, mimi napenda tu vitu vipya.

Basi nilipanda baiskeli ya shamba mpaka Thika, kwa Mhindi wa duka la vyuma, na kurudi na spea kikapuni. Barabarani palikuwa na kizuizi cha askari. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na watu wa msituni walikuwa wanatengeneza bunduki kwa vipande vya paipu, makomeo na springi. Na mimi nina nini kikapuni? Paipu na springi. Siku moja askari aliinua springi ya roli, akaibonyeza, akaniuliza inarusha nini. Nikamwambia inakamua shuka. Hakucheka hata kidogo. Alisoma barua ya memsahib, akaitazama upande wa nyuma ambako hakukuwa na kitu, kisha akaniuliza kabila. Nilipomtajia, aliniachia. Kama ningekuwa Mkikuyu, sidhani ningelala nyumbani.

Mpishi alikuwa Mkikuyu. Alikuwa amenizidi umri wa kutosha kunizaa, mzee wa kanisa, mwenye mikono safi kuliko ya daktari. Mke na watoto wake walikuwa wamehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, karibu na Gitothua, na yeye aliishi kwenye chumba cha nyuma kilichopakana na changu. Tulikula sufuria moja na tulichunguzana kama polisi na mwizi. Yeye aliamini watu wa kutoka magharibi tuliletwa kwenye mashamba kuwa masikio ya wazungu. Mimi nilijiuliza kwa nini hunyamaza ghafla nikiingia jikoni. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake jambo hilo waziwazi.

Bwana mwenyewe alikuwa polisi wa akiba. Alikwenda doria na kurudi akinuka jasho na moshi, na kaptura zake za kaki zikaja kwangu. Jumanne moja nilizifua kama kawaida. Maji yalitoka kwa kusuasua. Nikadhani ni nyuzi zimejaa kwenye mpira.

Alhamisi, akijiandaa kwa doria nyingine, bwana alihesabu risasi za bastola yake na moja ikakosekana. Wasiojua siku zile wataona ni jambo dogo. Mwafrika akikutwa na risasi moja, moja tu, alikuwa anakwenda kunyongwa. Ijumaa asubuhi gari lilikuja kumchukua mpishi, kwa sababu ndiye aliyepeleka chai chumbani kila alfajiri, na kwa sababu ya kabila lake. Alitoka jikoni bado amevaa aproni. Alipopita karibu nami alinitazama kwa namna ambayo sikuhitaji mkalimani. Alijua, alivyodhani, ni nani aliyemchongea. Bwana akaenda zake doria, arudi Jumatatu.

Jumamosi nikajaza mashine shuka. Wakati wa kutoa maji pampu ikalia, ikakwama, maji yakabaki. Nikayachota kwa ndoo, nikailaza mashine ubavu juu ya magunia pale uani, nikafungua skrubu tatu za pampu. Ndani mna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, ndilo linalosukuma maji. Bawa moja lilikuwa limekatika. Na kando yake, imejibana kwenye nyuzi na sabuni iliyoganda, ilikuwa ile risasi.

Nilielewa yote hapo hapo: memsahib hakuutazama mfuko, risasi ikaingia na kaptura Jumanne, ikapita kwenye chujio lililotoboka. Mpishi hakuwa na kosa. Ilibidi nipaze sauti, nimwite memsahib aje aone.

Sikumwita. Nilimwaza anakuja na ile bastola yake ndogo aliyotembea nayo kwenye kikapu cha kushonea, ananikuta nimepiga magoti na risasi mbele yangu. Angeniuliza niliitoa wapi. Ningesema kwenye pampu, naye angesema niliiweka mimi, nilikuwa nimeificha kwa ajili ya mpishi, kwani ni nani anayefungua pampu hiyo isipokuwa mimi? Gari lingerudi. Nilimwaza mke wangu akipata habari kwa barua iliyosomwa na mtu mwingine. Niliogopa, basi. Nikairudisha risasi palepale kwenye nyuzi zake bila kuifuta, nikakaza skrubu tatu, nikamwambia memsahib mpira wa pampu umekatika, aandike barua nikachukue mwingine Thika Jumatatu duka likifunguliwa. Nikamwonyesha lile bawa lililokatika, nikasema limetokea kwenye mpira wa kutolea maji. Akalivuta, akaridhika.

Zile shuka nilizimalizia kwa mkono. Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa nyuma. Mara mbili nilisimama nitoke nikamwambie memsahib, mara mbili nikakaa. Nilijiambia bwana ndiye mwenye risasi, ni heri aione yeye kwa macho yake. Ilikuwa hoja nzuri na mpaka leo naona ilikuwa nzuri. Lakini mpishi alikuwa kituoni, na mimi nilikuwa kwenye benchi.

Jumatatu nilileta gurudumu jipya. Bwana alikuwa amerudi. Nilimwendea kibarazani, nikamwambia skrubu za pampu zimeshika kutu, zimenishinda, anisaidie. Alishangaa kidogo, akaja uani na bisibisi yake mwenyewe. Memsahib akatoka kusimamia. Mimi nikasimama mbali, mikono nyuma, nikahakikisha wote wawili wanaiona mikono hiyo. Skrubu ya tatu ilipotoka na kifuniko kikaanguka, risasi ikabingirika juu ya gunia.

Kisha memsahib akanielekezea kidole na kuuliza nani ametia hiyo ndani. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya jibu hilo siku mbili.

"Mashine nakula kile iko kwa nguo, memsahib," nikasema. "Na mimi naambiwa hapana tia mkono kwa mfuko."

Bwana aliiokota. Aliitazama sabuni iliyogandia kwenye kitako cha risasi, akaikwangua kwa ukucha alama nyeusi ya mpira wa mabawa, akahesabu siku kwa midomo bila sauti. Uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni. Hakuniambia pole wala ahsante. Aliingia ndani na nikasikia anapiga simu kituoni, anaongea kwa sauti ya chini. Nilivalisha gurudumu jipya, nikasafisha nyuzi, nikakaza. Maji yakatoka vizuri.

Mpishi alirudishwa Jumatano. Jino la mbele halikuwepo, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, umevimba kama mhogo. Akaanza kupika kwa mkono wa kushoto. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne memsahib alimweleza mwenyewe, nusu nusu, kwamba risasi ilitoka kwenye mashine na kwamba ni dobi aliyetaka pampu ifunguliwe.

Mchana huo aliniita jikoni, akanivutia kigoda.

"Mimi nilikuwa nafikiria ni wewe," akasema.

Nikamwambia najua, mzee.

"Ijumaa waliniuliza tu maneno. Jumamosi pia, maneno na makofi kidogo. Jumapili ndiyo walinishika kabisa." Akauinua ule mkono, akaushusha juu ya meza polepole. "Sasa niambie, wewe ulijua siku gani hii kitu iko kwa mashine?"

Niliangalia mkono ule. Vidole viwili havikukunjika, na havikuja kukunjika tena muda wote niliomfahamu.

"Jumatatu, mzee," nikasema. "Ile siku ilifunguliwa na bwana."

Alitikisa kichwa kukubali, machozi yakamlengalenga. Akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika kidogo kwenye sahani, akaniomba msamaha kwa vile alivyonifikiria. Kisha akanishika bega na kuniombea pale pale jikoni, akamwambia Mungu anibariki kwa sababu nilisema kweli siku ile ile niliyoijua, sikungoja.

Nikasema amina.